Jonah Ekitela na Saa ya Kuimba za Jirani

Ndugu Jonah Ekitela, fundi mkuu wa mitambo wa Kituo cha Jamii cha Waso Juu hapa Isiolo, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kukitumikia kituo hiki kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia akiwa kijana wa kubadilisha balbu za ukumbi. Ametoka akiwa mtu ambaye bila yeye redio yetu ingekuwa chumba chenye nyaya nyingi na viti viwili.

Halmashauri iliniomba niandike nusu ukurasa. Nitaje uaminifu wake, nitaje kuwahi kwake kazini, na nisiguse habari ya kipindi cha Jumamosi kwa sababu jambo hilo limeshaamuliwa. Uaminifu nitautaja. Kuwahi kazini nitakutaja pia, maana Jonah alikuwa akifika kabla ya mlinzi kuamka, na wamegombana sana kwa ajili hiyo. Lakini kuandika wasifu wa Jonah bila kutaja Wimbo wa Jirani ni kumsifu mpishi bila kutaja chakula. Mhariri wa kijarida hiki ni mimi, Kinya Rimberia, msomaji wa habari, na nusu ukurasa imekuwa kurasa hizi mnazozisoma. Atakayekasirika, meza yangu iko karibu na mlango wa studio.

Kwa mgeni asiyekijua, Wimbo wa Jirani ni kipindi cha saa moja, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Watu wa mji huu huja studio wakaimba kwa midomo yao nyimbo zinazopendwa, zile zinazovuma kwenye boda, harusini na makanisani. Sharti ni moja tu: huruhusiwi kuimba wimbo wa lugha ya kwenu. Mmeru aimbe wa Kiborana, Mturkana aimbe wa Kisomali, Msomali aimbe wa Kimeru, na kadhalika mpaka saa iishe. Mwezi wa Machi halmashauri iliamua kwamba Jonah akiondoka, kipindi kiondoke naye, na saa hiyo igawanywe vipande vinne, kila jamii ipewe chake. Hilo ndilo jambo lililo mbele yetu leo, hata kama meza ya kumuaga imefunikwa kitambaa cheupe na keki ipo.

Jonah ni Mturkana, mzaliwa wa mji huu. Baba yake aliajiriwa na serikali kulinda ng'ombe waliokuwa wakisubiri kuuzwa, kwa hiyo Jonah alikulia karibu na ng'ombe wengi ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa wao. Umeme alifundishwa na fundi mmoja wa Kimeru aliyekuwa akitengeneza redio sokoni, mzee mkali aliyemchapa kiboko kila aliposhika waya bila kuuliza. Jonah anasema kiboko kile ndicho kilichomfikisha miaka sitini.

Alipoajiriwa mwaka 1996, kituo kilikuwa ukumbi mmoja, maktaba ndogo na jenereta. Jenereta hiyo aliiita Shemeji, kwa sababu inakuja inapotaka, haiondoki bila kupewa kitu, na ukiisema vibaya nyumba nzima inakugeukia. Wageni kutoka Nairobi walishangaa kumsikia fundi akilalamika kwamba Shemeji amekunywa yote tena. Mama mmoja mfadhili alimwita pembeni akamshauri amtafutie shemeji yake msaada wa kuacha pombe. Jonah alimshukuru sana, wala hakumsahihisha.

Kisha ugatuzi ukaja, kaunti ikazaliwa, na kila mtu akataka sauti yake isikike. Kituo kikapata masafa mwaka 2014 na Jonah, ambaye hakuwahi kuingia darasa la utangazaji, akapanda mnara kwa mikono yake kufunga antena. Tulianza kama redio zote za huku zinavyoanza. Saa ya Waborana, saa ya Wasomali, saa ya Waturkana, saa ya Wameru, na katikati habari kwa Kiswahili. Tulijivuna kwamba tumempa kila mtu haki yake.

Aliyetuvunja moyo ni Khadijo, mwanamke wa Kisomali. Wakati huo alikuwa na duka dogo mtaa wa Wabera, na redio yake ilikuwa juu ya gunia la sukari. Jonah alikwenda kununua majani ya chai, akamwona Khadijo akipunguza sauti ya redio mara saa ya Waturkana ilipoanza. Akamuuliza kwa upole kwa nini. Khadijo si mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia, "Sichukii mtu, Jonah. Nangoja tu saa yetu irudi. Hata nyinyi ikifika yetu mnafunga. Si ndiyo?"

Jonah alirudi kazini akiwa amesahau majani ya chai. Kwa siku kadhaa hakuzungumza na yeyote isipokuwa Shemeji. Halafu akaingia kwenye kikao cha wafanyakazi, bisibisi ikiwa nyuma ya sikio kama kawaida yake, akasema tumejenga redio moja na watu wanaisikiliza kama redio nne. Akaomba saa moja, Jumamosi peke yake. Tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilidhani ni utani wa fundi aliyepigwa na jua la mnarani.

Tuseme ukweli kuhusu nyimbo zilizorudiwa na watu wengine. Wengi hudhani wimbo wa kurudiwa ni nguo ya mtumba, kwamba mwenyewe ameshaivaa na wewe unapata iliyobaki. Nami niliamini hivyo, mpaka Kulmiye, Msomali mwendesha boda wa stendi, alipokuja studio na wimbo wa harusi wa Kimeru uliokuwa ukivuma mwaka ule. Kwetu wimbo ule unachezwa kwa kasi, magitaa yanakimbizana, na hakuna anayekaa chini. Kulmiye aliuimba polepole, kama mtu anayetembea mbele ya ngamia, akigonga kofia yake ya pikipiki kwa vidole. Mama yangu alikuwa ameucheza kwenye harusi zisizopungua tatu. Siku ile alizima jiko akakaa. Alinipigia simu akaniambia hakuwahi kugundua kwamba bibi harusi wa wimbo ule hataki kwenda. Maneno yalikuwa yale yale siku zote, sisi tulikuwa tukiruka juu yake.

Huo ndio wimbo ninaoupenda kuliko zote tulizowahi kurusha, na nitagombana na yeyote anayesema wa asili ni bora.

Wa pili kwangu ni wa Kubai, kinyozi, aliyeimba wimbo wa Kiborana wa kuwatekea ng'ombe maji visimani, unaopendwa sana kule Biliqo. Kubai hakuwahi kuona kisima cha namna hiyo. Aliuimba akipiga mdundo kwa mkasi wake, na mkasi wa kinyozi una haraka yake. Kabla hajamaliza, mzee mmoja alipiga simu kutoka Biliqo kulalamika kwamba kwa mwendo ule ng'ombe wote wangepaliwa. Tulimweka mzee hewani, akamfundisha Kubai mwendo wa ng'ombe anayekunywa, mstari baada ya mstari, mpaka matangazo ya vifo yakachelewa. Wiki iliyofuata kinyozi alipata wateja wa Kiborana ambao hawakuwa wakipita barabara ile. Walitaka wanyolewe na yule mtu wa visima.

Ndivyo kipindi kilivyokua. Khadijo alikuja mara moja kama mgeni, akimkosoa kila mwimbaji, na Jonah akamwambia kama anajua sana akae kwenye kiti. Alikaa. Duka alimwachia dada yake, na sauti ya Khadijo ndiyo sauti ya Jumamosi mpaka leo. Jonah mwenyewe hakuwahi kuimba hewani hata mara moja. Ana sauti ya bati linaloburutwa kwenye changarawe, na hilo ni jambo pekee ambalo jamii zote za Isiolo zimekubaliana bila kamati.

Sasa nifike penye uchungu.

Miaka ile ya ukame mkubwa, wakati mizoga ilikuwa imelala kando ya barabara zote za kaskazini, kulikuwa na wimbo uliopendwa mjini kuliko wowote. Ulikuwa wa Mzee Aule wa Ngaremara, mfugaji wa Kiturkana, akimsifu maksai wake wa rangi ya majivu, mwenye pembe moja iliyoinama. Mjukuu wake alikuwa amemrekodi kwa simu ukame ulipokuwa ukianza, na kabla mvua haijakata kabisa wimbo ulikuwa kwenye kila simu ya Isiolo. Makandi, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Kimeru wauza miraa wa stendi, aliupenda akaleta wenzake studio wauimbe. Walikuwa wamejifunza maneno kutoka kwa wateja wao Waturkana. Waliupanga kwa sauti nne, kama wanavyopanga nyimbo za kwaya. Jonah akawarusha hewani, na simu zilimiminika.

Jumatatu asubuhi Mzee Aule alikuwa amekaa nje ya geti letu na wazee wenzake wawili, kila mmoja kwenye kigoda chake. Ekuam, mlinzi wetu, ambaye alilelewa na wafugaji, aliingia ndani akiwa ametahayari. Ndipo tulipoelezwa jambo ambalo tungepaswa kulijua. Kwa wafugaji wa Kiturkana, mwanamume ana maksai wake wa kupenda, humtungia wimbo, na wimbo ule ni mali yake kama jina lake. Hauimbwi na mtu mwingine bila idhini yake. Kosa hilo lisingefanywa na Mturkana wa malishoni. Lilifanywa na Mturkana wa mjini, aliyekulia kwenye ng'ombe wa serikali, ambao hakuna aliyewaimbia.

Wazee walikaa mpaka jua likawa kali, wakainuka, wakaondoka. Hofu ikaingia. Wakati ule mifugo ilikuwa ikiibwa huku na huku, na watu walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho. Halmashauri ikakutana mchana huo huo. Ikataka Jonah aombe radhi hewani, rekodi ifutwe, na kipindi kisimamishwe kabla Wameru na Waturkana hawajapigana kwa sababu ya wimbo wa ng'ombe.

Jonah alikataa yote matatu. Alisema kosa lilikuwa lake, wala si la kipindi, na mtu akimkosea mwenzake haendi kumwomba radhi kupitia mnara, anakwenda kwake. Siku ya pili alichukua pikapu ya kituo, akampakia Makandi na wenzake sita, na mimi nikaingia mbele kwa sababu niliona aibu kubaki. Akina mama waliimba nyimbo za kanisa njia nzima, na haikuwa kwa furaha. Makandi alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulimkuta Mzee Aule bomani, penye zizi lililokuwa tupu. Jonah alimsalimu, akamweleza kwamba hawa ndio walioimba, na yeye ndiye aliyewaruhusu, na wamekuja kuimba mbele yake ili aseme mwenyewe kama waache. Hakuomba nafasi ya kujitetea. Akina mama wakapanga mstari, wakamwimbia mwenye ng'ombe wimbo wa ng'ombe wake.

Mzee hakutikisika. Aliwatazama mpaka walipomaliza. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mimi sikukuja kwa geti kushtaki mtu. Nilikuja kuuliza ng'ombe yangu anakaa wapi siku hizi. Alikufa njiani, tukitafuta majani. Mdomo yangu ikakataa kumwita. Halafu Jumamosi nasikia wamama wa Meru wanamwita, na yeye anaitika."

Alikuwa amekaa getini asubuhi nzima akisubiri tumkaribishe, nasi tulikuwa tumejifungia ndani tukimwogopa. Nililia, sioni haya kusema. Jonah naye alilia, akasingizia vumbi.

Mzee Aule alikuwa na lalamiko moja tu. Akina mama waliimba mikono ikiwa imeshikana mbele, kama watu wa kwaya. Akawaambia huwezi kumwimba ng'ombe bila kuonyesha pembe zake. Akainua mikono yake juu, wa kulia umenyooka, wa kushoto umeinama kama pembe ya yule maksai, na akawazungusha zizini mpaka wakajua. Idhini aliitoa, kwa sharti kwamba waendelee, wasimwache ng'ombe njiani mara ya pili. Tangu siku ile kikundi cha Makandi huimba wimbo huo studio kila mwisho wa mwezi, mikono ikiwa juu, ingawa hakuna anayewaona isipokuwa Jonah kupitia kioo.

Baada ya hayo, mtu angedhani kipindi kimejipatia usalama. Haikuwa hivyo. Malalamiko hayakutoka Ngaremara wala Biliqo wala Kulamawe. Yalitoka kwa watu wa mjini, wenye viti vya mbele, wanaohesabu ni dakika ngapi lugha yao imesikika na ni nani aliyeitamka vibaya. Mwezi wa Machi mwenyekiti wa halmashauri, Mheshimiwa Jasper Ntongai, alitueleza kwa heshima zote kwamba kila jamii ina haki ya kusikia nyimbo zake kutoka kwa watu wake. Jonah, ambaye kikaoni husema mara moja kwa mwaka, alisimama. Alisema kila jamii ina saa zake siku sita za wiki na siku ya saba pia, yeye ameomba moja tu ya majirani.

Ndipo likatolewa jibu ambalo halmashauri iliona haliwezi kupingwa. Vipindi vingine vinaendeshwa na kompyuta. Hiki kina waimbaji hai, vipaza sauti vingi, na stima ya kupotea potea kama umeme wote wa huku. Hakuna fundi mwingine anayekiweza, kwa hiyo fundi akistaafu, kipindi hakina mtu. Jonah alichomoa bisibisi sikioni, akaitazama, akairudisha, akatoka.

Kuanzia wiki ile alianza kutufundisha. Kila jioni baada ya kazi alimchukua mmoja wetu. Khadijo alifundishwa meza ya sauti mpaka akaota vitufe. Ekuam alifundishwa kumwamsha Shemeji, kumnywesha na kumbembeleza. Mpishi wa kituo alifundishwa kupanga vipaza sauti, na anavipanga kama sahani za wageni. Mimi, ninayeogopa hata kuchomoa pasi, nilifundishwa kuwasha mtambo wa kurushia matangazo. Nilipokosea alinigonga kidole kwa rula, akasema hata yeye alifundishwa hivyo. Alikuwa mkali kuliko nilivyomjua kwa miaka yote. Hakutuambia ni kwa nini, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Ijumaa ya tarehe 30 Mei alirudisha funguo, akasaini, akapeana mikono na kila mtu, akaenda nyumbani. Jumamosi saa nne asubuhi kipindi cha Wimbo wa Jirani kilikuwa hewani. Ekuam alikuwa kwa jenereta, mpishi kwenye vipaza sauti, Khadijo kwenye meza, na mtambo niliuwasha mimi. Waimbaji walijaa mpaka uani. Jonah alikuwa nje, kwenye benchi la mlinzi, amevaa shati la kanisani, redio ndogo imeegemea sikio lake. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukisikia kipindi chake kama msikilizaji.

Mheshimiwa Jasper alifika kabla ya wimbo wa tatu kuisha. Alimwomba Jonah aingie ndani akazime. Jonah alipunguza sauti ya redio kwa adabu, akamwambia, "Mheshimiwa, mimi ni mstaafu tangu jana." Kisha akaiongeza.

Mwenyekiti alisimama mlangoni akatutazama kupitia kioo. Angeweza kuingia. Lakini ili kuzima ilibidi amwondoe Khadijo kwenye kiti, amwondoe mpishi, amwondoe Ekuam, aniondoe mimi, na awaambie watu waliojaa uani, wa lugha zote, warudi nyumbani na nyimbo za wenzao midomoni. Hakuingia. Sisemi alishindwa, ni mwenyekiti wetu na tunamheshimu. Nasema tu kwamba kipindi kiliisha saa tano kamili, kama siku zote.

Tumeambiwa jambo hili litajadiliwa tena. Lijadiliwe. Walioletwa kwenye mtambo na Jonah Ekitela hawapungui, na jioni ya juzi nilimkuta mpishi akimfundisha mtunza maktaba.

Ndugu Jonah, asante kwa antena, kwa Shemeji, kwa kidole changu kilichovimba, na kwa kutukatalia tulipotaka kuogopa. Asante kwa mama watoto wako, aliyekuazima kwetu kila Jumamosi na hakutudai. Pumzika, ukae na wajukuu, unywe chai ikiwa moto kwa mara ya kwanza. Mungu akupe miaka mingi yenye afya na majirani wema. Na Jumamosi yoyote ukiwasha redio saa nne ukakuta kimya, usihuzunike na usivae viatu kuja. Ujue ni stima imepotea. Si sisi.